Kabla ya kumwambia mtu avute pumzi: tiba ya mwili kwa walioumizwa na wenye mabavu

Kila semina ya siku mbili kuhusu afya ya akili hufundisha zoezi hili: kaa vizuri, fumba macho, vuta pumzi ndefu, ishikilie, iachie. Kwa mtu aliyechoshwa na kazi halina neno. Lakini mtu aliyewahi kufungwa kitambaa machoni na kutumbukizwa kichwa majini akiambiwa fumba, vuta, shikilia, anarudi kulekule. Atatokwa na jasho, au ataduwaa, au ataomba ruhusa ya kwenda chooni na wiki ijayo hutamwona. Mwezeshaji ataandika kwenye ripoti kwamba mshiriki hakutoa ushirikiano.

Tunawaandikia wanaofanya kazi hii kwa Kiswahili hapa Uganda: wanasihi wa jamii wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, VHT (wahudumu wa afya wa vijijini), wauguzi, wataalamu wa fiziotherapi, na viongozi wa vikundi vya Kampala vinavyokutana kwenye kumbi za makanisa na madrasa. Jambo kubwa tunalotaka kulisema ni hili: aliyeumizwa na mwenye mamlaka alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, na tiba inaanza pale anaporudishiwa uamuzi huo. Mazoezi ni vyombo tu. Ukimwendesha kwa amri, hata zoezi zuri kabisa litakuwa mwendelezo wa yaleyale.

Mwili unaleta malalamiko gani

Wachache sana huja wakisema "nina kiwewe". Wanasema kifua kinabana, kichwa kinawaka moto, mgongo umekufa, moyo unakwenda mbio bila sababu, usiku nashtuka, miguu ina ganzi. Wengi wamekwisha zunguka vituo vya afya na kurudi na Panadol na dawa za vidonda vya tumbo. Maumivu hayo ni ya kweli. Tishio likija, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala inapiga kengele kabla akili haijafikiri; adrenalini inamwagika, moyo unaongeza kasi, misuli inajiandaa kupigana au kukimbia. Sasa aliyefungwa kamba hawezi kupigana wala kukimbia. Mwili wake unaganda, unakufa ganzi, wakati mwingine anajiona kama yuko nje ya ngozi yake. Hatari ikipita, kengele ile kwa baadhi ya watu haizimiki: shingo inabaki imekaza, pumzi inabaki juujuu, masikio yanasubiri mlango upigwe teke.

Ajali ya gari nayo huacha kiwewe. Ila ukandamizaji una sura yake: unafanywa na mtu, kwa makusudi, mara nyingi unarudiwa, na mfanyaji anaweza kuwa yule aliyelipwa kukulinda. Historia ya nchi hii imejaa sura hiyo. Kuna wazee waliopitia utawala wa Amin wa 1971 hadi 1979, familia za Luwero za vita vya 1981 hadi 1986, na watu wa kaskazini walioishi vita vya waasi wa LRA tangu 1987, ambako wakati mbaya zaidi watu wapatao milioni 1.8 walisongamanishwa kambini. Ongeza wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Sudan Kusini na Somalia. Ongeza pia vijana wa mjini ambao tangu uchaguzi wa 2021 wakisikia neno "drone" hawafikirii ndege. Wanafikiria gari la Hiace lisilo na namba, linaloteka watu.

Tiba ya mwili huanza na kile mtu anachokihisi sasa, na habari ya yaliyompata inaweza kusubiri au isisimuliwe kabisa. Peter Levine na Pat Ogden, kila mmoja na njia yake, walieneza kanuni ambazo wengi wetu tunazitumia: dozi ndogo, kwenda na kurudi kati ya sehemu ya mwili yenye taabu na sehemu yenye utulivu, na kuuachia mwili umalizie taratibu mjongeo uliozuiwa, kama vile kusukuma au kugeuka.

Tuseme ukweli kuhusu ushahidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unapendekeza tiba ya fikra na mwenendo inayolenga kiwewe, pamoja na EMDR, ile tiba ya kusogeza macho. Hapa kwetu, tiba ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Imvepi na Nakivale na ikasaidia, na Nakivale waliotoa tiba hiyo walikuwa wakimbizi waliofunzwa, si madaktari. Rhino Camp, wanawake wa Sudan Kusini walijaribiwa kwa mikutano 5 ya kikundi yenye rekodi za sauti, ikiwemo kujifunza kukanyaga ardhi na kurudisha akili pale walipo. Nayo iliwapunguzia taabu. Majaribio ya tiba ya mwili yenyewe ni machache na madogo: moja la Israel lililochapishwa 2017 lilikuwa na watu 63 na vikao 15, la yoga Marekani, 2014, wanawake 64 kwa wiki 10. Yote mawili yalionyesha nafuu. Kwa hiyo itumie kama hatua ya kwanza na kama mwenza wa tiba nyingine, na usimwahidi mtu kwamba atapona. Ile nadharia ya Stephen Porges kuhusu vagasi, neva inayotoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, inayopendwa sana kwenye mafunzo, wanafiziolojia wengi wanaipinga. Huihitaji. Kilicho imara ni kwamba ukirefusha pumzi ya kutoa, moyo unapunguza mwendo, na hilo mtu anaweza kulithibitisha mwenyewe kwa vidole viwili kwenye mshipa wa mkono.

Usianze zoezi kabla hujajua nini kilivunjika

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu wanasihi wamefunzwa kusikiliza moyo na hawakufunzwa kuangalia bega.

Mtu aliyefungwa kandoya, yaani mikono nyuma na viwiko vikivutwa hadi vikutane, anaweza kuwa na neva zilizovutika kutoka shingoni hadi mkononi. Muulize: unaweza kuchana nywele? Kubeba jerikeni? Vidole vina ganzi? Ukimkaribisha asukume ukuta kwa viganja, ambalo ni zoezi zuri tutakalolieleza, mfupa bapa wa bega unaweza kuchomoza mgongoni upande mmoja. Hiyo ni dalili ya neva iliyoumia. Simamisha zoezi na umpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapi. Usilazimishe mikono ipande juu ya mabega, na usimwambie kamwe aipeleke nyuma na kuishikanisha "ili kufungua kifua", kama video za yoga zinavyopenda. Mkao huo ndio uleule aliofungwa nao.

Aliyechapwa nyayo ana hadithi nyingine. Nyama laini ya kisigino hupoteza unene na mnepo wake, na utando wa chini ya mguu nao huumia, hata miaka mingi baadaye anatembea kwa kuungua. Zoezi maarufu la "hisi nyayo zako zikikanyaga" kwake ni kuchokoza kidonda. Mpe njia nyingine: viganja vikibonyeza mapaja, au makalio yakihisi kiti. Lakini hata kiti kina mambo. Aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, anaweza kushindwa kukaa kwenye benchi la mbao kwa dakika 20. Wanaume hawatalisema hilo. Weka mito na mikeka, na tangaza mapema kwa wote kwamba kusimama, kuegemea ukuta au kutoka nje ni sawa. Mazoezi ya nyonga na ya kulala chali yaache kabisa kwenye kikundi. Kampala, Refugee Law Project ya Makerere ina uzoefu wa miaka mingi na wanaume waliofanyiwa ukatili wa kingono. Ni mahali pa kumwelekeza mtu ambaye hatafungua mdomo mbele ya wenzake.

Maswali mengine yaulize faraghani, kwa ufupi: ujauzito, presha, pumu, kifafa, kuumia kichwa, vipande vya risasi au bomu vilivyobaki mwilini, dawa anazotumia, pombe. Kifafa kina uzito wake, hasa kwa vijana wa Kitgum na Pader wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, kwani kupumua kwa haraka na kwa nguvu kunaweza kuamsha degedege. Na uliza kama amekula. Posho ya msaada imepunguzwa sana makambini, na anayefanya mazoezi na tumbo tupu ataona kizunguzungu ambacho ninyi nyote mtakiita kiwewe. Chai na mandazi vije mwanzoni. Kuviweka mwisho kunawafanya watu wavumilie kikao ili wapate mandazi.

Kama mateso ni ya karibuni, daktari aandike kwanza. Michubuko hufifia ndani ya wiki chache, na kukanda kunaweza kubadili uvimbe ambao ungekuwa ushahidi. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kuchunguza mateso, Itifaki ya Istanbul ya 1999, iliyoboreshwa 2022, na Uganda ina sheria ya kupiga marufuku mateso ya 2012. ACTV, kituo kilichoanzishwa 1993 kuhudumia waliofanyiwa mateso, huunganisha daktari, mnasihi na mwanasheria. Mtu akiamua hataki kesi, uamuzi ni wake. Lakini aamue akijua kwamba alama zinapotea.

Chumba, na ile Kiswahili ya kambi ya jeshi

Watu 8 hadi 10, wawezeshaji 2. Mmoja anaongoza, mwingine anaangalia nyuso, na akitoka mtu, yeye ndiye anamfuata. Wanaume peke yao na wanawake peke yao, angalau mwanzoni. Mlango usifungwe kwa ufunguo, na kila mtu achague kiti chake. Wengi watachagua wanapouona mlango na mgongo ukiwa ukutani, kwa hiyo duara zuri la kwenye picha halitatokea, liache. Mwezeshaji asitembee nyuma ya watu. Pasiwe na kugusana, hata kwa nia njema. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ajulishwe, na ndani ya makazi ya wakimbizi Ofisi ya Waziri Mkuu itoe kibali. Lakini waombwe wasitume askari "kuangalia usalama" na wasiingie kusalimia kikao kikiendelea. Sare moja mlangoni inabomoa kazi ya wiki tatu.

Kuhusu lugha: kwa Mkongomani wa Nakivale Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kwa Mganda mwenye umri, ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Lala chini. Toa kitambulisho. Miaka ya 1980 misako ya Kampala iliitwa "panda gari", na waliopandishwa wengi hawakurudi. Ukimwongoza mzee huyo kwa "kaa", "simama", "inua mikono", mwili wake unasikia sauti ile. Kama kuna mwezeshaji wa Luganda au Luo, mtumie. Kama hayupo, acha vitenzi vya amri: "ukipenda, unaweza...", "tunajaribu pamoja kama inakufaa...", "wengine huona afadhali kufanya hivi...". Na mwezeshaji afanye zoezi yeye mwenyewe kwanza, mbele yao, akiwa amekaa.

Siku ya kwanza sema pia jambo ambalo hakuna anayependa kulisema: kikundi hiki hakifungui faili, hakipeleki mtu Kanada wala Marekani, na asiyekuja hatakatwa jina kwenye mgao. Bila hilo, nusu ya watu watatetemeka kwa sababu wanadhani kutetemeka kunaandikwa mahali, na nusu nyingine watasema wako salama kwa sababu wanadhani wagonjwa wanaachwa.

Zoezi la kukataa

Tunaanza nalo kabla ya zoezi lolote la kutuliza. Mwezeshaji anasema: "Nitapendekeza mambo matano madogo. Kila mmoja achague mawili ya kukataa. Kukataa ni kutofanya tu, au kuinua kiganja, au kusema hapana." Kisha anapendekeza, akisubiri kama sekunde kumi baada ya kila moja: kuinua mkono wa kulia, kutazama dirisha, kugusa goti, kusogeza kiti, kusimama. Akimaliza anauliza: ulipokataa, ulihisi nini na wapi?

Yanayotokea ni haya. Mara ya kwanza karibu wote wanatii vyote vitano. Wengine wanacheka. Mwingine anakataa kwa mdomo huku mkono unapanda wenyewe. Kuna anayekataa la pili na kutoa pumzi ndefu ambayo hakuombwa aitoe, na hiyo ndiyo pumzi unayoitafuta. Usiwasifu waliokataa wala usiwasahihishe waliotii; rudieni wiki ijayo na inayofuata. Mtu aliyeishi kambini miaka kumi, ambako chakula, kiwanja na karatasi vyote vinakwenda kwa anayetii foleni, anahitaji mara nyingi kabla mwili haujaamini kwamba hapana haitaadhibiwa. Mwezeshaji naye anapimwa hapa. Kuna wanasihi wanaokasirika, kidogo tu, usoni, wanapokataliwa, na washiriki wataliona hilo kabla yeye mwenyewe hajajua.

Kiganja kilichoinuliwa kinabaki ishara ya kikundi hadi mwisho. Kikiinuka, zoezi linasimama kwa aliyekiinua, na haulizwi kwa nini.

Kutazama, kusukuma, kuimba

Kikao cha saa moja kiwe na mazoezi ya dakika 10 hadi 15, si zaidi. Muda uliobaki ni salamu, chai, kueleza, kukaa kimya, mazungumzo ya kawaida. Mara moja kwa wiki, wiki 8 hadi 10, na usipange siku ya mgao.

Kutazama ni la kwanza. Macho yanabaki wazi, kichwa kinageuka polepole, shingo ikifuata macho badala ya macho kufuata shingo. Mtu anatafuta mlango, dirisha, kisha vitu vitatu visivyomsumbua: jani, kikombe, rangi ya kitenge. Dakika moja au mbili. Aliyekabwa shingo atumie macho peke yake. Zoezi hili ni dogo hata linaonekana kama si kitu, lakini ndilo linaloambia kengele ya ndani kwamba chumba kimekaguliwa.

La pili ni kusukuma ukuta. Mtu anasimama umbali wa mkono mmoja, viganja ukutani usawa wa kifua, viwiko vimekunjwa kidogo, mguu mmoja mbele. Anasukuma kwa theluthi ya nguvu zake, akihesabu hadi tano, kisha analegeza kwa muda mrefu kuliko aliosukuma. Mara tatu zinatosha. Wakati wa kulegeza ndipo penye kazi, kwani misuli iliyokaza kwa miaka haijui kulegea kwa kuambiwa, ila inalegea baada ya kukazwa kwa hiari. Wanaume wanapenda kusukuma kwa nguvu zote, uso ukawa mwekundu na pumzi ikazuiwa. Hapo presha inapanda na hasira inaweza kufumuka. Theluthi moja, na mdomo wazi. Mwenye shida ya bega asukume goti kwa kiganja akiwa amekaa.

Pumzi inakuja ya tatu, au isije kabisa. Kuvuta kwa pua kwa hesabu ya tatu au nne bila kujaza kifua, kutoa kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, hesabu ya sita. Hakuna kushikilia. Siku ya kwanza pumzi tano zinatosha. Wanaofanya kwa bidii sana wanavuta hewa nyingi mno, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na ghafla midomo inachonyota, vidole vinakakamaa, kichwa kinazunguka. Mshiriki anaamini amerogwa au anakufa. Mwambie kilichotokea kwa maneno mepesi, mwache aongee au ahesabu kwa sauti, na mwili utajirekebisha ndani ya dakika chache. Usimwekee kaveera (mfuko wa plastiki) mdomoni, jambo ambalo bado kuna watu wanalifanya.

Kwa walionyimwa hewa, ruka pumzi moja kwa moja na uende kwenye sauti. Kuvumisha wimbo mdomo ukiwa umefumba, tenzi, kasida, wimbo wa kulea mtoto: pumzi ya kutoa inarefuka yenyewe bila mtu kuielekezea macho ya ndani. Sisi tukilazimika kuchagua zoezi moja tu kwa kikundi kisichojulikana, tungechagua kuimba. Mkiimba pamoja mnapumua pamoja, na hilo kwaya za Kikongo wanalijua bila semina. Ngoma nayo ni nzuri, lakini uliza kwanza. Mdundo wa ghafla kwa wengine ni risasi.

Huko Acholi, kaskazini, mwili umekuwa ukihusishwa katika uponyaji kwa muda mrefu: anayerudi kutoka msituni kwa waasi anakanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani, na kwenye mato oput, tambiko la upatanisho, pande mbili zinakunywa mzizi mchungu. Mnasihi asiyachezee haya wala asiyaigize kikaoni. Yana wenyewe.

Yanapoharibika

Baada ya kila zoezi uliza taabu imepanda au imeshuka. Kipimo cha 0 hadi 10 kinawapendeza wafadhili. Wengi hapa wanajibu vizuri zaidi kwa mikono, kidogo, wastani, sana. Ikipanda ngazi moja, rudini kwenye kutazama chumba. Ikipanda mbili, zoezi la mwili kwa leo limekwisha, lete chai.

Aliyezimika ndani ni rahisi kumkosa, kwa sababu hana fujo: macho yanatazama mbali, majibu yanachelewa, mikono ya baridi, mwili umelegea. Mwite kwa heshima yake ya kawaida, mzee, mama, kaka, dada, kwa sauti ya kawaida: "Mzee, uko Nakivale, leo Jumanne, mlango uko wazi, mimi ni fulani." Mpe chupa ya maji baridi aishike, au tangawizi anuse. Usimtikise. Na yeyote asimmwagie maji usoni. Kwa aliyepitia mateso ya maji hakuna kitu kibaya zaidi, na ndiyo huduma ya kwanza inayomjia kila mtu kichwani.

Kutetemeka kunatisha kikundi kuliko kunavyomdhuru anayetetemeka. Akiwa anasikia na kujibu, macho wazi, mwache dakika moja au mbili akiwa amekaa, miguu chini, kisha mwombe ashike kiti na ataje anachokiona. Ile njia ya David Berceli ya kuchosha misuli ya miguu kwa makusudi ili mwili utetemeke hatuipendekezi kwenye vikundi vya mwanzo; inafungua haraka kuliko wawezeshaji wawili wanavyoweza kufunga. Kama hajibu, anang'ata ulimi au amejikojolea, kichukulie kama kifafa: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, na ikipita dakika tano ni kituo cha afya. Atakayesema ni pepo atakuwepo daima. Kubishana naye mbele ya mgonjwa hakuna faida. Mwambie akitaka aombe kimya, na akae mbali kidogo.

Mtu anayesema anataka kufa, anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa, au anayekunywa waragi tangu asubuhi hatibiwi kwa ukuta na wimbo. Anzia kituo cha afya cha ngazi ya IV; hospitali ya rufaa ya mkoa ina kitengo cha akili. Kwa hali nzito, Butabika, hospitali ya taifa ya akili. Mpeleke mkiwa wawili. Usimpe karatasi aende peke yake.

Kengele inapokuwa ya kweli

Vitabu vingi vya tiba hii viliandikwa kwa mtu ambaye hatari yake imepita. Mkimbizi wa mtaa wa Katwe, Kampala, asiye na karatasi, mwanaharakati aliyeachiwa kwa dhamana, mama ambaye aliyembaka anaishi mtaa wa pili, hawa kengele zao hazijaharibika, zinafanya kazi. Ukimfundisha mtu huyo kutulia kwa kila hali, unamnyang'anya ulinzi wake. Tunachofundisha ni kutofautisha. Boda iliyopiga ekzosi: tazama, taja, endelea. Gari lilelile limeegeshwa mbele ya lango mara mbili wiki hii: hapo mwili una haki, na jibu lake ni namba ya mwanasheria, njia ya pili ya kurudi nyumbani, na mtu mmoja anayejua uko wapi.

Na haki ina nafasi ambayo zoezi haliijazi. Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague Februari 2021, na amri ya fidia ya Februari 2024 kwa waathirika, wakiwemo wa kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, imeweka huduma za kuwarudishia afya pamoja na fedha. Waathirika walikwisha sema hivyo siku nyingi: mgongo unaouma unahitaji fiziotherapi, na ardhi iliyochukuliwa inahitaji kurudishwa.

Wiki ya nane usiulize kama wanajisikia vizuri. Watasema ndiyo, kwa adabu. Uliza: usiku unaamka mara ngapi? Unafika sokoni peke yako? Unabeba maji umbali gani kabla bega halijauma? Umekataa nini mwezi huu? Andika majibu bila majina kamili, bila kijiji mtu alikotoka, bila jina la aliyemtesa. Daftari hilo likishikwa kwenye msako, lisiwe na chochote cha kumpata mtu.